Roshani Iliyotazama Maji Matupu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliamini kwamba meli baharini hupita kushoto, kama magari ya Tanzania yanavyopita kushoto barabarani, na kwamba kwa sababu hiyo nchi kavu huwa siku zote upande wa kushoto wa meli, kama vile mtaro na wauza mahindi ya kuchoma wanavyokuwa kushoto kwa gari. Sikuliamini jambo hili nusunusu. Niliamini kwa moyo wote, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na cheti cha kidato cha nne cha shule ya jioni, na niliwauzia watu vyumba vya melini kwa kuliamini.

Nyie mnaobaki pale ofisini mliniomba, siku ile ya keki na hotuba, niwaandikie mambo ya kazi kabla kichwa hakijavuja. Basi nimekaa hapa barazani kwangu Segerea wiki ya tatu sasa, nimemaliza kalamu kama mia hivi, na haya ndiyo yaliyopatikana. Nani alipandishwa cheo na nani alinung'unikia mshahara hamtayakuta humu. Yalinichosha yakiwa hai, sina haja ya kuyafufua.

Nilizaliwa Tabora, mbali na bahari kiasi kwamba nilipoiona mara ya kwanza niliuliza nani kafungulia bomba. Dar nilikuja nikiwa mtu mzima. Nilipanga Buguruni, mchana nikabeba magunia sokoni, jioni nikasoma. Darasani nilikuwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na wazazi walipoitwa kwenye kikao wengine walinisalimia wakidhani mimi ndiye mkuu wa shule. Nilipofaulu, mke wangu alizunguka na cheti changu mtaa mzima, na nasikia kilifika mpaka Kawe bila mimi.

Cheti hicho ndicho kilichonipandisha ngazi za ofisi yetu Kinondoni, pale juu ya duka la magodoro. Siku ya kwanza nilivaa shati la kuazima lenye kola ngumu, nikashindwa kugeuza shingo mpaka jioni. Mwenye ofisi, Mama Upendo, nyie mmemkuta akiwa na fimbo na miwani miwili. Wakati huo alikuwa amerudi kutoka kwenye meli za kitalii, ambako alitandika vitanda miaka mingi, akafungua uwakala wa kuwauzia safari wenzetu waliokuwa wanadhani meli hizo ni za Wazungu tu. Alinitandikia mezani karatasi ndefu yenye mistari na vijumba vidogovidogo.

"Jeremia, unaona nini hapo?"

Nikaitazama kwa makini. "Samaki, Mama. Ameshaliwa, imebaki mifupa."

Hakucheka. Akaniangalia kama mtu anayehesabu siku za kunivumilia. "Huyo samaki ana vyumba vingi kuliko nyumba za mtaa wako. Kila mfupa hapo ni kitanda cha mtu. Kaa chini."

Nikakaa, na kwa kweli nilikaa miaka ishirini na kitu.

Mama Upendo alinifundisha kwamba chumba cha meli hakichaguliwi kwa picha. Kwenye picha kila roshani ina jua, ina glasi mbili, ina mwanamke anayecheka. Chumba kinachaguliwa kwa majirani. Weka rula juu ya namba ya chumba, halafu fungua karatasi ya ghorofa ya juu yake: kuna nini pale? Kama ni bwawa la kuogelea, mteja wako ataamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa. Kama ni jiko, atasikia sufuria. Kisha fungua ya chini: kama ni ukumbi wa muziki, kitanda kitacheza hata kama yeye hachezi. Vyumba vya mbele kabisa hupanda na kushuka mawimbi yakija, na vya juu huyumba zaidi kuliko vya chini. Mwenye tumbo jepesi mpe katikati, ghorofa ya chini kadiri roshani zinavyoruhusu. Vya nyuma vina roshani pana na unaona njia ya maji iliyoachwa na meli, ni raha kwa mtu mwenye mawazo, ila kuna mtetemo. Na chunga sana zile boti za kuokolea watu. Zinaning'inizwa nje ya vyumba vya ghorofa fulani, na nimewahi kumuuzia mchungaji mmoja roshani ambayo siku kumi nzima ilitazama tumbo la boti la rangi ya chungwa. Aliporudi aliniambia amenisamehe, lakini aliniambia kwa sauti ya mtu anayeendelea kujaribu.

Zana zetu zilikuwa rula, penseli ya rangi, faili la plastiki lenye ramani za meli na simu ya mezani iliyokuwa inasikia vizuri mvua isiponyesha. Siku hizi mnabonyeza na chumba kinajionyesha chenyewe. Sawa. Lakini kompyuta haitakwambia kwamba mteja anakoroma, au kwamba mama mkwe wake amepewa chumba chenye mlango wa ndani unaofungukia kwake. Hayo unayapata kwa kumkalisha mtu, kumpa chai na kumwacha aseme.

Ukutani tulikuwa na ramani ya dunia, mezani ramani za meli, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuzitambulisha moja kwa nyingine. Hapo ndipo kosa langu lilipoishi, kwa starehe, bila kulipa kodi.

Aliyelileta lile kosa alikuwa braza Sadiki, karani niliyemkuta, mtu wa Tanga mwenye tai na maneno. Wiki ya kwanza nilimuuliza, "Braza, mteja akitaka kuona nchi kavu tunampa upande gani?"

"We msomi wa jioni," akasema, "barabara hapo nje unaendeshea upande gani?"

"Kushoto."

"Na maduka unayaona upande gani?"

"Kushoto."

"Sasa unauliza nini? Bahari nayo ina sheria. Meli inakaa kushoto kwake, nchi kavu iko kushoto. Ikipita kulia si itavaana uso kwa uso na zinazotoka Mombasa?"

Nikaandika kwenye daftari na kupiga mstari chini. Mpaka leo sijui kama alinitania au na yeye aliamini. Baada ya mwaka alihamia Mwanza kuuza vipuri, akaniachia kiti, tai moja na imani hiyo.

Na shida ya imani ile ni kwamba ilifanya kazi. Karibu safari zote tulizouza zilitoka hapa bandarini kwetu kwenda kaskazini. Niliwapa watu vyumba vya kushoto, na wote waliona nchi kavu. Mama mmoja muuza vitambaa wa Buguruni alinipigia simu kutoka kwenye roshani yake akipiga kelele, "Jeremia, naiona Bagamoyo! Naona mpaka minazi!" Kwa jinsi alivyoieleza, aliona mpaka nguo zilizoanikwa na rangi zake. Nilijiona bingwa. Nikaanza kuwafundisha wengine. Kama kuna kati yenu niliyemfundisha hivyo, ndiyo maana naandika.

Sasa nafika kwa Mzee Likwata, na hapa naomba mnivumilie nikipunguza utani.

Alikuja ofisini akiwa kwenye kiti cha magurudumu, amebebwa na wabeba magodoro wawili wa pale chini. Alikuwa mchonga mpingo, mtu wa kusini, anakaa Yombo, Temeke. Kiharusi kilikuwa kimemchukua miguu na mkono mmoja. Mkewe, Bi Somoe, alitangulia mbele akiwaelekeza wabebaji kama nahodha.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu," alisema Mzee Likwata. "Hizi ngazi zenu mliwajengea mbuzi?"

Niliagiza chai. Nikamkalisha, ingawa alishakaa, nikamwacha aseme.

"Kule kwetu, ukishapita Lindi," alisema, "kuna mwamba umetokeza baharini. Mie na dada yangu Fatu tulikuwa tunapanda juu yake. Tukiona meli inapita, tunapunga. Tulipungaga mpaka mabega yanauma. Hakuna hata moja iliyotujibu."

"Walikuwa hawawaoni, Mzee."

"Inawezekana. Au walikuwa na kiburi." Akanywa chai kwa mkono wake mmoja mzima. "Fatu yuko hapohapo mpaka leo. Magoti yake hayamfikishi hata kituo cha basi. Yangu haya unayaona. Hatujaonana tangu tulipomzika mama, na nywele zetu zilikuwa nyeusi."

"Safari ya basi daktari kaikataa," alidakia Bi Somoe. "Ndege kaikataa."

"Na meli?"

"Meli hakuitaja. Na sie hatukumuuliza."

Walikuwa na binti muuguzi huko nje ya nchi, ndiye aliyewaandalia safari. Alikuwa ameona kwenye mtandao meli moja ya kitalii itakayotoka Dar jioni, ishuke kusini, asubuhi ipite karibu na pwani ya kwao ili abiria wapige picha, kisha iendelee Msumbiji na kurudi kupitia visiwa vya mbali katikati ya bahari. Kwa hiyo ile pwani wangeipita mara moja tu. Asubuhi moja. Bi Fatu angepandishwa kwenye mwamba akiwa na shuka jeupe na simu ya mjukuu. Mzee angekaa kwenye roshani yake na kanga nyekundu ya Bi Somoe.

"Safari hii meli itajibu," alisema Mzee Likwata.

Ndugu zangu, niliifanya ile kazi kama mtu anayechagua kaburi la baba yake. Nilitafuta chumba chenye mlango mpana wa kupita kiti. Nilitafuta kilicho karibu na lifti lakini si mbele ya lifti, maana watu husimama pale wakicheka. Katikati ya meli, kisiyumbe. Juu yake maktaba, ambako hakuna anayeburuta kiti. Chini yake vyumba vya watu wengine waliolala. Hakuna boti ya kuziba macho. Mwishoni vikabaki viwili tu vilivyofaa, vinatazamana, korido katikati. Kimoja upande wa kushoto, kingine kulia. Vinalingana kila kitu, hata mapazia.

Mzee Likwata alinitazama nikiwa nimeshika penseli.

"Bara litakuwa mkono gani?"

"Kushoto, Mzee."

Aliuweka ule mkono wake mezani, akaugeuza polepole, juu chini, kama anavyogeuza gogo kutafuta mshipa wa mti.

"Kushoto?"

"Kushoto. Ndiyo sheria."

"Sheria," alisema. "Haya. Mwenye karatasi ni wewe."

Nikakitia rangi chumba cha kushoto. Mama Upendo alikuwa Moshi kwenye msiba wa shangazi yake, akanipigia jioni kukagua kama kawaida yake. Juu kuna nini? Maktaba. Chini? Vyumba. Upande umeangalia? Nimeangalia, Mama. Vizuri, akasema. Aliniamini, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na halikumjia kichwani kwamba kuna mtu mzima anayehitaji kufundishwa kwamba bahari haina mtaro pembeni.

Siku walipoondoka niliwasindikiza bandarini. Mzee alikuwa amenyolewa vizuri. Kanga nyekundu ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa, hakuna aliyeruhusiwa kuibeba.

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya mlinzi hajafungua geti. Ilipogonga saa mbili na kitu simu ikaita.

"Mwanangu, ni Somoe. Tuko hapa nje kwenye roshani. Mzee kavaa kanzu."

"Mnaona nini, Mama?"

"Maji."

"Na mbele ya maji?"

"Maji. Na jua. Linampiga usoni, nimemkinga na mtandio."

Nyuma yake nilisikia simu nyingine, ile ya Mzee, imewekwa sauti kubwa, na sauti ya mwanamke mzee ikitoka kwa mkwaruzo wa upepo. Ilikuwa ya Bi Fatu. "Kaka, naiona! Naiona meli! Mungu wangu, ni mtaa mzima huo! Mbona sikuoni?"

"Anasema anatuona," aliniambia Bi Somoe, akishusha sauti. "Sisi hatumwoni. Tutoke hapa twende kwingine? Huyu wa chumba cha jirani anasema labda kule upande wa pili."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Wangetoka wakati ule, wangewahi. Nimepiga hesabu mara nyingi, na kila mara wanawahi.

Nilimwambia, "Hapana, Mama. Msitoke. Mkitoka ndiyo mtaikosa. Subirini hapohapo, nchi kavu itakuja."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, Mama."

Wakasubiri. Bi Somoe hakukata simu, aliiweka mahali, nikawa nasikia upepo na wale ndugu wawili.

"Kaka, napunga. Unaniona? Shuka jeupe."

"Punga, Fatu."

"Napunga, mkono unauma kama zamani. Na wewe unapunga?"

"Napunga."

"Sioni kitu chekundu. Au macho yangu?"

"Napunga, Fatu. Napunga."

Nilidhani anamfariji tu. Baadaye Bi Somoe aliniambia kwamba alikuwa anapunga kweli. Alikunjua ile kanga kwa mkono wake mmoja, akainyanyua juu ya ukingo wa roshani, akapunga kuelekea maji matupu, jua likiwa machoni, ili asiwe amemdanganya dada yake.

Walikaa hivyo muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Kisha mhudumu wa chumba aligonga akiwa na mashuka, akawaona, akashangaa. Akawaambia abiria wote wako upande wa pili wanapiga picha, ndiko kuliko pwani. Bi Somoe alikishika kiti. Kizingiti cha mlango wa roshani kilikuwa kimeinuka kidogo, kiti kiligoma, mhudumu akakinyanyua. Korido. Lifti ikawa imejaa watu waliomaliza kupiga picha. Walipofika nje upande wa pili, mwamba ulikuwa umeshabaki nyuma, na walichokiona ni ukanda wa kijani na mchanga, kama pwani nyingine yoyote. Hakuna shuka. Simu ya Bi Fatu ilikuwa imeshapoteza mtandao.

Naliandika hapa mapema, asije mtu akasoma mbele akitumaini: hawakuonana. Meli ilirudi kwa njia ya visiwa kama ilivyopangwa. Bi Fatu alifariki kabla ya mvua za vuli. Alikuwa ameshawaambia wajukuu zake kwamba alimwona kaka yake melini, na hakuna aliyembishia.

Nyie mnajua kwamba kwenye kila ramani ya meli inayopita mezani pangu nilikuwa nachora mshale mwekundu wa kaskazini, na mwingine wa meli inakoelekea, kabla sijagusa chumba chochote. Kuna mmoja wenu aliwahi kusema ni urembo wa kizee. Chora. Chora hata kama kompyuta imeshakuchorea. Halafu mteja akikuuliza swali lilelile mara ya pili, weka penseli chini. Hakuna anayerudia swali kwa kupenda sauti yako.

Lakini siku zile nilikuwa bado sijafika huko. Siwezi kuwaficha jambo hili, ingawa nimelifuta mara mbili na kuliandika tena. Baada ya ile simu sikufikiri kwamba nimekosea. Nilifikiri nahodha amekosea. Nilikaa mezani nikiwa na hasira, nikaandika barua ya malalamiko kwa kampuni ya meli, kurasa tatu, Kiswahili safi, nikaeleza kwamba nahodha wao amepita upande usio wake, amehatarisha maisha ya watu na kumnyima mzee mgonjwa haki yake. Niliandika "uvunjaji wa sheria" mara saba. Nilijisikia vizuri sana nilipoimaliza.

Mama Upendo aliporudi kutoka Moshi alisikia nusu ya habari tu, kwamba wateja wa Yombo hawakuona walichofuata.

"Watakaporudi utaenda kwao," alisema. "Wewe mwenyewe. Usitume mtu, usipige simu. Na usibebe sukari wala unga kama mtu anayekwenda kupatana bei."

Nikaenda. Sukari sikubeba. Nilibeba ile barua ndani ya bahasha, ili Mzee aweke sahihi yake chini ya yangu.

Bi Somoe alinifungulia. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeipenda kuliko nilichokiona. "Pita mwanangu," alisema, "yuko uani." Mzee Likwata alikuwa mkekani, ameegemea mto, vipande vya mpingo vimemzunguka, tezo liko mbali naye kwa kuwa mkono mmoja hautoshi kulitumia. Nilipiga magoti kumsalimia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umezipanda ngazi zako leo?"

"Nimezishuka, Mzee. Nimekuja kuwapa pole."

"Tumepoa."

Tulikaa. Kuku wa jirani walipita, wakarudi. Nilitoa bahasha, nikamweleza kwamba sikukaa kimya, kwamba nimewaandikia wenye meli, kwamba yule nahodha lazima aeleze kwa nini aliacha upande wake. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Nilisoma kwa sauti nzuri, ile ya shule ya jioni. Nilipofika kwenye sheria, Bi Somoe aliyekuwa amesimama mlangoni akaweka mkono mdomoni na kuingia ndani.

"Ngoja," alisema Mzee Likwata. "Nahodha aliacha upande gani?"

"Kushoto, Mzee. Meli zinapita kushoto. Kama magari."

Nilingoja anitukane, na nadhani angekuwa na haki, maana kwa mara ya kwanza nilijisikia nikilisema lile neno nje ya ofisi, mbele ya mtu aliyezaliwa ufukweni.

"Nani kakwambia?"

"Nilifundishwa kazini. Tangu siku za mwanzo."

"Na mie nilijua," alisema polepole. "Pale ofisini kwako nilijua. Nikasema labda meli hizi kubwa zinaingia ghubani zikageuka. Nikasema kijana ana karatasi, mie nina nini? Nikanyamaza. Kwa hiyo tumekosa wawili." Akanyoosha mkono wake mzima. "Nipe hicho kipande. Hicho kirefu."

Nikampa. Kilikuwa kipande cha mpingo ambacho hakijachongwa, upande mmoja mweusi, mwingine bado una ganda. Akakilaza mkekani kati yetu, ncha yake ikielekea kwenye magoti yangu.

"Hii ndiyo meli. Huko inakotoka ni Dar es Salaam. Hapo ulipo wewe ni kusini, kwetu. Baharini hakuna barabara, mwanangu, na hakuna kushoto kwa sheria. Nchi kavu haiondoki mahali pake, meli ndiyo inayogeuka. Ikipanda kaskazini, bara liko kushoto. Ikishuka kusini, bara liko kulia."

Akaugusa ule upande wa kulia wa kipande, katikati, kwa kidole kimoja.

"Chumba chetu kilitakiwa kuwa hiki hapa."